Kompanyi Ilipokuja Kula

Neno compagnie nililipenda miaka mingi kabla sijaiona kompanyi ikila.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Profesa alikuwa akieleza jinsi maneno ya jeshi yalivyoingia katika Kifaransa. Akafika kwenye kompanyi, lile kundi la askari mia na kitu walio chini ya kapiteni mmoja. Alisema neno hilo lilizaliwa katika Kilatini cha watu wa kawaida, kutokana na maneno mawili: "pamoja" na "mkate". Mwenzako wa kompanyi ni yule mnayekula naye mkate mmoja. Kabla ya cheo na kabla ya bunduki kulikuwa na chakula katikati na watu wamekizunguka. Niliguswa mno. Labda ni kwa sababu nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake.

Likizo ile nilirudi nyumbani, kwenye milima iliyo juu ya Nyabiondo, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, nikamkuta kaka yangu mkubwa akilima. Kwetu kaka mkubwa anaitwa yaya, na mimi sijawahi kumwita vingine. Nilisimama pembeni ya shamba, mikono mfukoni, nikamuuliza kwa sauti ya profesa:

"Yaya, unajua kompanyi maana yake ni nini?"

Hakuinua kichwa. "Ni bantu benye kukula pamoja."

"Nani alikuambia?"

"Nani ataniambia? Si balikula mbuzi yetu, na ya jirani, na ya kanisa?"

Tangu siku hiyo nilikusudia kuandika makala juu ya maneno hayo. Sasa nina kipara na miwani, nafundisha katika chuo kimoja cha Goma, na makala bado naiandika. Imeshaishi muda mrefu kuliko vita kadhaa. Nimekusanya mengi. Peloton, kundi dogo ndani ya kompanyi, mwanzoni ilikuwa kidonge cha uzi uliosokotwa. Batayo, yaani kompanyi kadhaa pamoja, inatokana na kupigana, hapo hakuna siri. Brigade, iliyo kubwa zaidi, ina asili ya ugomvi, na ndugu yake wa tumbo moja ni brigand, yaani jambazi. Hilo la mwisho niliwahi kulisoma mbele ya wanafunzi kama habari mpya. Darasa zima lilinitazama kwa huruma.

Milimani kwetu maneno haya ni vipimo vya chakula. Peloto ni mbuzi mmoja na beseni la bugali, yaani ugali. Kompanyi ni kijiji kizima mpaka mbegu. Batayo ikija hatujui inamaliza nini, kwa sababu watu wote wamekwisha kukimbia na hakuna wa kusimulia.

Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea katika msimu mmoja wa kuvuna maharagi. Nilipanda pikipiki kutoka Goma, nikapita Karuba, nikavuka vizuizi vingi vya watu wenye bunduki, kila kizuizi na bendera yake au bila bendera. Begani nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko mikate ya Goma, ile mirefu, kwa ajili ya shemeji yangu, mke wa yaya. Sikuwahi kwenda kwao bila mkate. Yaya alisema ndiyo faida pekee aliyoiona ya mimi kusoma. Nilimwambia kila mtu nakwenda kusaidia kuvuna. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikiliza watu wanavyoyatumia maneno yangu.

Niliyasikia. Kesho yake asubuhi mtu alipita mbio kwenye njia ya juu akipiga kelele, "Kompanyi! Kompanyi inashuka!" Walikuwa wakitoka upande wa Walikale, msituni. Hatukuwa na muda wa kukimbia, walikwisha kuziba njia ya chini. Waliingia wamelowa na wamekonda, wengine wana magwanda, wengine wana makoti ya mitumba. Kapiteni wao alikuwa mtu wa rika langu, na chini ya koti la jeshi alivaa sweta ya sufu ya kike yenye vifungo vya maua. Hakuna aliyecheka.

Walianza na mbuzi. Jirani yetu, mzee wa kanisa aliyekuwa akitupigia kengele ya Jumapili, aliwapa mbuzi wa kwanza. Walipomrudia kuchukua wa pili alishika kamba.

"Baba zangu, huyu njo mama ya bengine," alisema, maana ndiye aliyewazaa wengine. "Mumuache azale."

Mpiganaji mmoja alimpiga risasi ya tumbo kutoka karibu, hata shati likashika moto kidogo. Mzee alikaa chini juu ya jamvi la maharagi aliyokuwa akiyaanika. Mbuzi alikimbia na kamba yake, na wapiganaji wakamkimbiza mbuzi kwanza, wakicheka, wakitegana miguu. Walipomleta wakamkuta mzee bado anapumua, anajaribu kuyasogeza maharagi yasiingie damu. Alikufa kabla ya adhuhuri. Tulimzika nyuma ya nyumba yake bila kuimba, kwa sababu kapiteni alikataza sauti.

Kisha akatoa amri. Kesho, jua likiwa katikati, kila nyumba ilete bugali kwenye uwanja wa kanisa. Na mwenye nyumba aonje mbele yake.

Hili la kuonja hakulileta yeye, alilikuta. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza. Ukimletea mgeni kasiksi, pombe ya ndizi, unakunywa wewe kwanza akikuona. Ukimpelekea bugali, unamega tonge na kulimeza mbele yake. Si adabu tu. Katika Kivu hakuna mtu anayekufa kwa tumbo bila watu kuuliza alikula kwa nani. Lakini kapiteni alikuwa ameifanya desturi yetu kuwa sheria ya vita. Alisema huko Ngungu alizika vijana wake waliolishwa sumu, na kwamba safari hii akizika mmoja, atamzika pamoja na mpishi.

Nyumbani kwa yaya hakukuwa na unga. Kulikuwa na mihogo ardhini, na ilikuwa ile michungu. Watu wa milima yetu wamepanda mihogo michungu kwa sababu wezi na nguruwe hawaipendi. Vita vimetufundisha kulima kisicholiwa kirahisi. Kila mtu anajua namna ya kuila. Unaimenya, unailaza ndani ya shimo la maji karibu na chemchemi, unaiacha humo siku zake zote mpaka kidole gumba kinaingia ndani yake kama kinavyoingia kwenye avoka iliyoiva. Ndipo unaianika, unaitwanga. Ukiifupisha njia hiyo, ule uchungu unabaki ndani, na uchungu huo ni sumu.

Sisi tulikuwa na jioni moja na asubuhi moja. Shemeji aliilaza usiku ule, akaitoa alfajiri ikiwa bado ngumu, akaikatakata, akaikausha juu ya bati la moto.

"Muhogo bado haijaiva mu maji," alisema.

"Na miye bado sijaiva kwa kufa," alijibu yaya. "Twanga."

Kwa hiyo tulijua. Tulijua na tulipika, kama nyumba nyingine zilivyopika, tukitumaini kwamba tonge moja moja halimuui mtu na kwamba bugali letu litachanganyika na la wengine. Hatukufikiri kwamba katika kompanyi ile kulikuwa na mtu mmoja mwenye tumbo la watu wanne.

Uwanjani yaya alipiga magoti mbele ya sufuria yetu, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa mbuzi wa marehemu, akameza. Kapiteni alimtazama koo mpaka lilipotulia, akaitikia kwa kichwa. Wapiganaji wakaingia. Mmoja wao, jitu la mabega mapana ambalo wenzake walikuwa wakilitania kwa kuliita Benne, yaani Wanne, aliivuta sufuria yetu katikati ya miguu yake na hakuiachia.

"Benne, ubaachie benzako," mmoja alisema.

"Benzangu bende ku sufuria ingine. Hii tulikwisha kuoana."

Jua lilikuwa halijasogea sana aliposimama, akashika ukuta wa kanisa, akatapika. Miguu ikamwisha nguvu. Alianguka kifudifudi, akageuka, macho yakawa meupe, mdomo ukitoa povu, mikono ikichimba udongo. Wengine wawili watatu nao walishika vichwa na kuinama. Mtu akapaza sauti: "Sumu!"

Sijui kama nimewahi kuona kundi la watu likiwa kitu kimoja kama nilivyoliona wakati ule. Walimwangukia yaya. Walimfunga viwiko nyuma mpaka vikagusana na kifua kikatokeza kama cha kuku, wakampiga kwa vitako vya bunduki, mdomoni kwanza. Nilisikia meno. Hata leo yaya hutafuna upande mmoja. Mmoja alichomoa kisu, akamkata sikio nusu, akalitupa ndani ya sufuria akisema, "Na hii uonje." Shemeji alipiga ukelele, na mtu akamtia teke la tumbo, akanyamaza.

Mimi nilikuwa chini ya paa la kanisa, na miwani yangu. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Nilichofanya ni kutoka na mikono juu nikisema, kwa Kifaransa kizuri cha kuomba ruhusa, chenye vitenzi vyake vyote mahali pake, "Mon capitaine, permettez-moi…"

Kofi lilikuja kabla ya kitenzi cha pili. Miwani iliruka.

"Ongea kama muntu," alisema kapiteni.

"Afande, haiko sumu. Ni muhogo. Haikukaa mu maji."

"Weye ni nani?"

"Miye mudogo yake. Nafundishaka Goma."

"Prof!" alisema mtu nyuma yangu, na wote wakacheka, hata mwenye kisu.

Hapo yaya akasema, na maneno yalitoka na damu, polepole, kila mtu akanyamaza ili ayasikie. "Afande. Bugali ingine ilibakia mu sufuria. Unifungue mikono. Nitakula yote. Kama ni sumu, nitakufa mbele yako, haitakupotezea risasi. Kama ni muhogo, nitatapika kama huyu."

Kapiteni alifikiri. Alionekana kulipenda wazo. Walimkata kamba. Yaya alitoa kipande cha sikio lake kutoka kwenye sufuria, akakiweka juu ya nyasi kwa uangalifu kama mtu anayeweka saa yake, akaanza kula. Alikula kwa mdomo uliopasuka, haraka, bila kuchovya kitu, bugali likiwa jekundu mkononi mwake. Shemeji alitambaa, akakaa kando yake, akatia mkono ndani ya sufuria bila kuambiwa.

Kapiteni akanigeukia. "Na weye, Prof? Njo ndugu yako, ao hapana?"

Nikakaa. Na hapo, nikiwa nimeshika tonge, woga ukanifungua mdomo, na kilichotoka ni makala yangu. Nilimwambia kapiteni wa kompanyi kwamba kompanyi maana yake ni watu wanaokula mkate mmoja. Nilimwambia habari za Kilatini. Nadhani nilitaja hata peloton na kidonge cha uzi. Kila mwalimu ana somo analoweza kulitoa akiwa amelala. Mimi nilikuwa nalitoa nikiwa nakufa.

Aliniacha nimalize. "Balikufundisha ile wapi?"

"Ku université."

"Na kukula balikufundisha?"

"Hapana, afande."

"Kula."

Nilikula. Halikuwa na ladha mbaya hata kidogo, uchungu wenyewe ulikuja nyuma, kwenye mzizi wa ulimi. Tulikaa pale, sisi watatu kuzunguka sufuria, na kompanyi nzima ikituzunguka sisi, vidole kwenye bunduki, wakisubiri kuona tutakufa namna gani. Kichwa kilianza kunizunguka. Moyo ulikuwa ukipiga mahali pasipo pake. Nilitapika juu ya suruali yangu, kisha shemeji, kisha yaya, ambaye alitapika damu na bugali pamoja, kwa hiyo hatukujua kipi ni cha muhogo na kipi ni cha vitako vya bunduki. Nikalala juu ya nyasi nikitazama sikio la kaka yangu na kufikiri kwamba mbingu ilikuwa ya kijani.

Jua lilipolegea, Benne akainuka, akakaa. Alipangusa povu, akatazama huku na huku kama mtoto aliyeamka kwa watu asiowajua.

"Kuko maji?" aliuliza. Halafu: "Na nyama balimaliza?"

Kompanyi ikaangua kicheko. Nami nilicheka, nikiwa nimelala. Yaya alikuwa hajafa. Sisi hatukuwa tumekufa. Nilidhani tumemaliza.

Kapiteni alisimama juu ya yaya. "Sumu haikuwa," alisema. "Sasa sikiliza. Natafutaka muntu kama huyu tangu Ngungu. Muntu anakula mbele yangu na haogopake." Akanitazama mimi. "Prof alieleza muzuri. Huyu alikula na sisi. Iko wa kompanyi."

Shemeji alimshika yaya kiunoni kwa mikono miwili. Walimpiga kifuani kwa kitako cha bunduki mpaka mikono ikaachia yenyewe. Waliondoka kabla jua halijazama, wakapanda kuelekea Walikale, na yaya katikati yao, kamba kiunoni, kitambaa kichwani kikifunika sikio, na juu ya kitambaa sufuria yetu.

Nilirudi Goma. Nilifundisha. Nilisahihisha mitihani. Kila pikipiki iliyotoka Masisi niliiuliza habari, nikapewa habari za kila aina: kwamba wamepigwa wote, kwamba wamewapiga wengine wote, kwamba kuna maiti mtoni zisizo na sikio. Hiyo ya mwisho ilininyima usingizi mpaka mtu akaniambia zilikosa mengine mengi pia. Makala yangu nilijaribu kuiendeleza. Nilifika kwenye neno "mkate", nikafunga.

Yaya alirudi mvua kubwa zilipokwisha kuanza. Alitembea kutoka ndani ya Walikale, kwa kujificha, na alikuwa na sufuria. Ilikuwa na tundu la risasi. Shemeji aliipokea, akalitia kidole lile tundu, akalia juu ya sufuria badala ya kulia juu ya mume wake. Baadaye aliijaza udongo, akapanda kitunguu.

Hakutusimulia kwa mara moja. Alisimulia kidogo kidogo, hasa wakati wa kula, akiwa amekaa kando na sahani yake mwenyewe. Kule msituni kazi yake ilikuwa moja: chakula kikiiva, yeye kwanza. Kapiteni alimtazama koo. Mwanzoni wapiganaji walimtania, wakamwita Mama Mupishi. Chakula kilipopungua, utani ukaisha. Tonge lake lilianza kuonekana kubwa machoni pao. Walichoma vijiji kwa ajili ya mihogo na wakakuta mihogo imekwisha kuchukuliwa na kompanyi nyingine. Walikula mizizi. Yaya aliionja mizizi.

"Miye peke yangu sikukonda sana," alisema. "Bote balikuwa banaangalia mudomo yangu. Hata adui habakumuangalia vile."

Siku moja Benne aliokota kopo la samaki kwenye nyumba iliyoungua. Hakulipeleka kwa kapiteni, wala hakulipeleka kwa yaya. Alijificha nyuma ya mti akalifungua kwa kisu. Yule aliyemfuata na kumkuta alikuwa rafiki yake, ndiye aliyembeba mgongoni walipoondoka kwetu, akiwa bado hana nguvu. Benne alikuwa na mafuta ya samaki kidevuni. Rafiki aliinua bunduki. Alimpiga risasi ya mdomo, akapiga magoti, akaanza kula kilichobaki kwenye kopo. Ndugu yake Benne alimkuta akilamba, akampasua kichwa kwa panga. Wa tatu alimpiga risasi huyo ndugu. Kisha ikawa kila mtu na wa karibu yake. Kapiteni alitoka kwenye hema, sweta yake ya maua wazi, akiita, "Kompanyi! Kompanyi!" kama mtu anayeita ng'ombe. Alipigwa mgongoni. Hakuna adui aliyekuwa karibu. Yaya alikuwa amejilaza chini na sufuria kichwani, na risasi iliyotoboa sufuria ilipita juu ya lile sikio lenye nusu.

"Njo hapo ile kompanyi iliishia," alisema. "Uandike mu kitabu yako."

Sikuandika.

Msimu huu uliopita nilikwenda tena, na mfuko wangu wa mikate. Kulikuwa na milio ya bunduki upande wa juu tangu asubuhi. Watu walikuwa wakishuka Nyabiondo na magodoro kichwani, na shemeji alikuwa amekwisha kutangulia na watoto. Yaya nilimkuta kwenye chemchemi, ameinama juu ya shimo la mihogo, anabonyeza kwa kidole gumba.

"Yaya, twende."

"Bado."

"Banakuja!"

"Nasikia. Muhogo bado." Alivunja kipande, akagusa kwa ulimi, akatema, akanipa kingine. "Onja."

Nilionja. "Bado," nilisema. Ni maoni yangu ya kwanza ya kilimo aliyoyakubali. Risasi zilianza kukata majani ya migomba. Tulifunika shimo kwa majani na mawe, tukakimbia, tukalala kwenye mtaro wa shamba la chini mpaka kimya kiliporudi.

Tuliporudi shimo lilikuwa wazi. Hakukuwa na muhogo hata mmoja. Nyayo za buti zilipanda juu, na juu kulikuwa na moshi mwembamba wa moto wa kupikia.

Yaya aliutazama ule moshi. Nilijua anachokiona. Watakula, wataanguka, wenzao watashuka kumtafuta mwenye shimo, na wasipompata yeye watampata yeyote.

"Tukimbie Nyabiondo," nilisema.

"Na benye kubakia huku?" Akaanza kupanda. Alipanda katikati ya njia, mikono juu, akipiga kelele kwa ule mdomo wake wenye mapengo: "Iko chungu! Muhogo iko chungu bado! Musikule!"

Nilimfuata. Mikono juu, na Kifaransa nikikizuia kwa meno.

Hawakuwa kompanyi. Walikuwa uzi uliofumuka, watu wachache wamezunguka sufuria, mmoja ana jeraha la paja linalonuka. Waliinua bunduki wote. Yaya hakusimama. Alifika, akaipiga sufuria teke, mihogo ikamwagika motoni na kwenye majivu. Mkubwa wao alimkamata shingo, akamtia mtutu chini ya kidevu.

"Angalia sikio yangu," alisema yaya. "Angalia mudomo. Njo muhogo hii. Mutakufa, kisha benzenu batakuja kuniua. Miye sitaki tena."

Mwenye jeraha alichukua kipande kutoka kwenye majivu, akakigusa kwa ulimi, akatema. "Afande, iko chungu kweli."

Mtutu ulishuka, ukabaki hewani, hauna pa kwenda. "Na sasa tukule nini?" aliuliza mkubwa wao, na sauti yake haikuwa ya kutisha hata kidogo. Ndiyo maana niliogopa zaidi.

Yaya akanitazama begani. Nilikuwa nimesahau mfuko. Nilitoa mikate. Ilikuwa imebondeka kwa kulaliwa mtaroni, imelowa upande mmoja. Niliinyoosha kwao kwa mikono miwili. Hakuna aliyeigusa. Macho yao yalikuwa juu ya mkate, na mtutu ukageuka taratibu, ukanielekea mimi.

"Onja," alisema mkubwa wao.

Nilimega, nikatia mdomoni. Mdomo ulikuwa mkavu kama unga. Nilitafuna, nikatafuna, na wote, kaka yangu pamoja nao, walikuwa wakilitazama koo langu wakisubiri nimeze.